Fundi Ndaki na Breki ya Nyuma ya Vespa

Tarehe 30 Juni 2025 Fundi Ndaki Masele anavua ovaroli, baada ya miaka thelathini na miwili katika karakana ya kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Ameyafufua matrekta na malori ambayo sisi wengine tulishayaita chuma chakavu. Asubuhi, kabla ya kufungua injini yoyote, aliisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", kama mtu, na isipowaka alisema imeamka vibaya. Spana namba kumi hakumwazima mtu, hata meneja. Mimi mtunza stoo ni shahidi.

Ningependa niishie kwenye vichekesho, lakini mwenyewe ameniomba nisiifiche habari ya Vespa.

Mwaka 2014, katikati ya msimu wa ununuzi, bwana shamba wetu Salvatory alileta Vespa yake ya zamani, breki ya nyuma inateleza. Ndaki aliikaza, akaijaribu uwanjani akiwa peke yake, ikashika. Mchana huo Salvatory alifunga gunia la mbegu nyuma akaelekea Nkololo. Kwenye mteremko wa daraja, ng'ombe walikuwa wanavuka. Breki iliyomshika mtu mmoja haikuweza mtu na gunia. Tulimzika kwao Sapiwi, na Ndaki alichimba kaburi mwanzo hadi mwisho bila kumwachia mtu jembe.

Tangu hapo karakana ina sheria yake: breki haitoki getini bila kujaribiwa ikiwa na mzigo, na aliyeifunga ndiye anayeendesha. Vijana hununa kwa kupakia magunia kila mara. Ndaki hajawahi kuwalegezea.

Machi mwaka huu Evalina, mjane wa Salvatory, alituletea ile Vespa juu ya mkokoteni. Binti yao Precious amepangiwa kazi katika zahanati ya kijijini na hana usafiri mwingine. Mama alitaka breki ya uhakika, na alitaka Ndaki ndiye aifunge. Ndaki alikataa. Mama akarudi, Ndaki akakataa tena, safari hii akilia mbele yetu. Aliporudi mara ya tatu, alipokea.

Breki ya zamani ya waya aliing'oa yote, akafunga ya diski inayotumia mafuta. Pampu yake haikuenea chini ya pedali, akaichongea kikalio cha kuishikilia kutoka bamba la mzani mbovu wa pamba. Hewa iligoma kutoka kwenye mpira wa mafuta na pedali ikawa inazama tu. Akaanza upya, siku baada ya siku, mpaka ikawa ngumu mguuni.

Siku ya kujaribu tuliandaa gunia la mbegu. Evalina alilisukuma pembeni.

"Kaa mbele, baba," alimwambia Ndaki. "Mzigo leo ni mimi."

Wakaenda mpaka ule mteremko wa daraja. Sisi tulibaki getini na Precious. Mimi nilikuwa naogopa, sina haja ya kujisifu. Waliporudi, mama alisema imeshika palepale, akampa Precious ufunguo. Ndaki alikaa chini vumbini.

Asante, Fundi, kwa kila breki iliyoturudisha nyumbani. Huko nyumbani salimia ng'ombe wako na mkeo, mama Kwandu. Tunakutakia maisha mema, na usingizi, maana tunajua uliupoteza wapi.