Mjomba Aliyetafuna Kahawa Yetu

Kijiwe chetu cha Bugene ni gogo moja mbele ya fundi baiskeli. Hapa kahawa hutafunwa, punje zilizochemshwa zikakaushwa, zimefungwa kwenye jani la mgomba. Ukimwekea mgeni punje mbili kiganjani, amekuwa ndugu. Asubuhi hiyo Mzee Yusto, tunayemwita Taratibu kwa kusema kwake polepole, alizishika zake bila kuzitafuna. Tangu amzike mkewe Edith, siku za Kwaresima, hamu ya kuonja kitu ilimwishia. Na sasa siku ya tatu, chumbani kwa Benadeta, dada yake Yusto aliyeishi naye, alikuwemo Adela, binti wa miaka kumi na minne aliyetoroka baa moja upande wa Kyerwa. Alitolewa Burundi kwa ahadi ya kufundishwa kushona, mama yake akiridhia. Akaishia kuosha vyombo na kufungiwa mlango kwa nje.

— Mzee, jana mjomba wa yule binti kapita hapa, alisema Apolinary, ambaye tunamwita Redio. Mtu wa watu! Nikamwambia binti yuko kwako.

Punje zikalowa jasho kiganjani mwa Yusto.

— Ukamwambia?

— Si katafuna kahawa yetu! Mtu mtafune naye, halafu akudanganye?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akadakia Jovitus, aliyeitwa Wakili tangu alipotoa ushahidi wa kesi ya mbuzi mahakama ya mwanzo.

— Apone nini? Yusto akauliza. Mtoto anasema hana mjomba.

— Mama yake si aliridhia? Wakili akasema. Basi, kesi imekufa. Makubaliano ni makubaliano.

— Afisa ustawi wa jamii alitufundisha kanisani, baada ya misa, Yusto alisema, neno moja moja. Mtoto hauzwi kwa ridhaa. Si ya mama, si ya mtoto mwenyewe. Na aliyeuzwa hashtakiwi. Anahifadhiwa.

— Hayo ya kanisani, mzee wangu. Polisi wataanza na kibali cha kukaa nchini. Hana karatasi, watakufunga wewe!

— Na migomba yako itakuwa ya serikali, Redio akaongeza.

— Na mizinga yangu ya nyuki je? Yusto akauliza.

— Wee! akadakia Wakili. Nyuki ndio kesi nzito. Wanavuka mpaka kila siku, hakuna hata mmoja mwenye pasi!

Gogo zima likatikisika kwa kicheko. Yusto hakucheka. Aliogopa kweli, na Edith, ambaye angemwambia la kufanya, alikuwa chini ya migomba. Hapo akazisikia ndala za Edith zikija barabarani, zikiburuta. Akageuka haraka. Alikuwa Adela, amezivaa, zikimzidi miguu.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Babu, gari la yule mtu limesimama sokoni. Anauliza nyumba yako. Bibi Benadeta kasema twende polisi, dawati la watoto. Naogopa. Nani atakaa na mimi mpaka nimalize kusema?

Wakili akatafuta methali, akaikosa.

Yusto akainuka kwa fimbo yake. Akaweka zile punje mbili kiganjani mwa Adela, akamkunja vidole.

— Mimi nitakaa. Na wewe, Apolinary, umeiona sura yake, umeisikia sauti yake. Twende ukaseme.

— Mimi tena, mzee?

— Wewe. Jana uliongea bure.

Wakaondoka, ndala zikiburuta mbele. Redio akawafuata nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, hakusema neno.