Mkono wa Sista Bathsheba na Stoo ya Maharagwe

Sista Bathsheba Angwenyi anastaafu tarehe 31 Oktoba mwaka huu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Tisa ya kwanza aliitumikia katika zahanati upande wa Ndhiwa. Ishirini na miwili iliyobaki ameitumikia hapa Chuo cha Ufundi Manyuru, karibu na Rongo, akiwa muuguzi wa wanafunzi. Hakuchelewa kazini hata siku moja, na hakuna dawa iliyopotea kabatini mwake. Kwa muuguzi wa kawaida, hayo yangetosha. Yanayofuata ni yale ambayo mimi, naibu mkuu wa chuo, sijayazoea mpaka leo.

Mwaka 2012 wanafunzi wa kike kumi na tisa waliacha masomo kwa sababu ya mimba. Muhula uliofuata, Sista aliomba nusu saa ya kuzungumza na wasichana wote ukumbini. Nilidhani atazungumzia usafi wa mabweni. Badala yake aliinua kijiti kidogo, kama njiti ya kiberiti, akaeleza kwamba kikiwekwa chini ya ngozi ya mkono huzuia mimba kwa miaka mitatu. Kisha akaonyesha koili ya shaba, ambayo hukaa katika mji wa mimba hata miaka kumi. Hakuficha kwamba hedhi inaweza kuvurugika. Alisema vyote viwili huondolewa na mhudumu wa afya wakati wowote mwenye mwili akitaka, na kwamba havizuii Ukimwi, kwa hiyo kondomu bado ina kazi yake.

Kasisi wa chuo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Ndipo Priscilla, mwanafunzi wa ushonaji kutoka Uriri, aliposimama. Namnukuu kama alivyosema: "Sista, watu wanasema hiyo kitu inatembea mpaka kwa moyo. Wewe mwenyewe unaweza kubali uwekewe?"

Sista, shemasi wa kanisa la Waadventista na mama wa watoto watano, alikunja mkono wa sweta mbele ya wasichana mia tatu. "Kuja uguse," alisema. "Kiko hapo tangu mwaka juzi. Kimetembea?"

Walipanga foleni kugusa. Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwa nimeshtuka namna ile.

Kesho yake nilimnyima ukumbi. Hakubishana; alikwenda kwa mpishi wetu, Masese, akaomba stoo ya maharagwe. Kwa miaka kumi na miwili amefundisha humo kila Jumatano saa nane mchana, wasichana wakiwa wameketi juu ya magunia. Katika ratiba, kwa amri yangu, somo hilo liliitwa "Mengineyo". Wavulana walipomuuliza Masese kinachopikwa ndani, aliwajibu, "Maharagwe. Yakiiva mtaitwa." Waliochagua kijiti au koili, Sista aliwaandikia barua ya kwenda kliniki Migori, waliokataa aliwaaga kwa heshima ileile. Alikuwa na sharti moja: jina la aliyeingia stoo halitajwi nje. Mwaka jana walioacha masomo kwa sababu ya mimba walikuwa wawili.

Mwaka 2016, katika kikao cha wafanyakazi, nilipendekeza hata stoo ifungwe. Nilisema kwamba binti yangu Marion, aliyekuwa mwaka wa pili hapahapa, analindwa na malezi ya nyumbani, na kwamba malezi yanatosha. Sista aliketi mkabala nami akikoroga chai. Hakusema neno. Pendekezo langu lilishindwa kwa kura moja.

Mwezi uliopita nilimpigia simu Marion, ambaye sasa ni mpima ardhi Homa Bay na mama wa mtoto wa miaka miwili, nikimwomba picha ya zamani ya Sista kwa ajili ya wasifu huu. Nilitaja pia jinsi malezi yetu yalivyomfikisha kwenye stashahada. Alicheka sana. "Baba, kwani ulidhani ni zile sheria zako? Mimi nilikuwa nakaa kwa gunia la pili kutoka mlangoni. Andika tu, nimekuruhusu."

Nilikata simu nikaelewa. Siku ya kikao kile, Sista alikuwa na jibu ambalo lingenifunga mdomo milele. Jibu hilo lilikuwa na jina la mwanafunzi, basi akalimeza pamoja na chai, ingawa somo lake zima lilikuwa hatarini. Tangu hapo tumekunywa chai meza moja kwa miaka tisa.

Kuanzia Jumatano ijayo, Sista Nasteha Farah atalichukua somo hilo. Nimefuta "Mengineyo" kwa mkono wangu, nikaandika: Uzazi wa Mpango, saa nane, Ukumbi Mkuu. Masese analalamika kwamba stoo itapoa.

Sista Bathsheba, chuo kinakushukuru. Baba yake Marion anakushukuru zaidi, na anakuomba radhi. Nenda ukapumzike salama na wajukuu zako. Ukipita Rongo siku ya Jumatano, ingia kwa mlango wa mbele.