Moshi Chini ya Kiti cha Nyuma

Ninyanyulieni mto, wanangu, na mama yenu azime redio, maana nina maneno ya kusema na pumzi yangu haitoshi kushindana na mtangazaji. Wewe binti yangu, fundi wa gereji yangu, kaa huku dirishani. Na wewe mdogo wake, mwanangu wa kiume unayeniuzia spea pale mbele, kaa miguuni nikuone. Msinikatize. Nikikohoa, ngojeni.

Kwanza mjue kwamba nakufa na wivu wangu, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Namwonea wivu fundi wa ng'ambo ya barabara, yule wateja wanayemwita Taratibu. Tangu geti lake litazamane na langu, sijanywa chai ikashuka vizuri. Gari likinishinda mimi, watu husema, "Lipeleke kwa Taratibu"; likimshinda yeye, husema gari lenyewe bovu. Mama yenu nikimtania hacheki, lakini yule akivuka kuja kuazima jeki, kicheko husikika mpaka jikoni. Na wewe binti yangu, niliyekushikisha spana kabla hujajua kujifunga kilemba, ukawa kila ukifunga kazi unavuka kwenda kujifunza kwake ile mashine ya moshi, ya kutafutia panapovuja. Hapo ndipo nilipoumia hasa. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana nikamwahidi mdogo wako gereji, ili geti langu lisije likafunguliwa kwa ajili ya yule mtu.

Sasa mnalikumbuka gari la mwalimu wa watoto wadogo. Lilikuwa linanuka petroli ndani, hasa akitoka kujaza tangi, taa ya injini imewaka haizimiki, na wanawe wanashuka wameshika vichwa. Nikanusa bomba moja moja, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio nione litakapochemka, nikabadilisha mfuniko wa tangi, nikabadilisha na bomba la mvuke. Akaondoka akinishukuru, akarudi gari linanuka vilevile. Petroli ikidondoka utaona tone, wanangu, lakini mvuke wake hauachi alama, na cheche moja tu inatosha kuwateketeza mliomo. Binti yangu ukaniambia, "Baba, niachie nijaribu na moshi." Nikakujibu kwamba moshi ni wa jikoni. Ukavuka barabara, ukarudi umebeba mashine ya Taratibu.

Ukaziba njia zote za mvuke, ukausukuma moshi polepole ndani ya tangi, ukawasha tochi, ukangoja. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo moshi usitokee popote. Ukatokea chini ya kiti cha nyuma, mwembamba, hauna haraka. Tulipokiinua kiti tukaona pampu ya petroli imewahi kubadilishwa, na aliyeibadilisha amerudishia mpira uleule wa zamani wa kuzibia kifuniko chake. Mpira uliokwisha kunywa petroli huvimba. Ukishautoa haukubali tena kukaa kwenye mfereji wake, na ukikaza kifuniko unakunjika upande mmoja na kuacha upenyo. Nikamuuliza mwalimu ni nani aliyembadilishia pampu. Akasema, "Taratibu."

Wanangu, siku ile nilipona maradhi yote! Nikatoka mpaka barabarani namwita kwa sauti, wasikie hata wauza viatu. Wewe ukanishika mkono, "Baba, mwache mzee wa watu," nami nikakupokonya mkono wangu. Akaja anapangusa vidole kwa kitambaa, akainama, akatazama, akamwambia mwalimu mbele yetu sote, "Huu ni mkono wangu. Niliuona mpira bado mzima, nikaurudishia. Nisamehe, mwalimu." Kisha akakugeukia wewe: "Umeona vizuri, mwanangu." Mwanangu! Na mimi nimesimama palepale! Mwalimu akampa mkono, na watu waliokuja kutazama aibu wakaondoka wanamsifu. Kwa kosa lile nilimwonea wivu kuliko kwa kazi zake zote nzuri, kwa sababu najua ningekuwa mimi, ningelaumu mpira.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwanangu wa kiume, nisikilize bila kununa: nilikuahidi gereji kwa sababu ya wivu wangu tu, maana spana huipendi wala yenyewe haikupendi, lakini mteja akiingia dukani kwako hatoki mikono mitupu. Basi duka la spea ni lako, na chumba cha nyuma yake. Gereji ni ya dada yako na vyuma vyote vilivyomo, na geti alifungue kwa amtakaye. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nimekubali, ingawa panachoma hapa kifuani.

Nipeni maji kidogo... Basi, yatosha.

Mkitaka kufungua tangi, toeni kwanza waya wa betri, wekeni madirisha wazi, punguzeni petroli, na kile kifuniko cha pampu mkigonge kwa kipande cha mti, msitumie chuma kikatoa cheche. Mpira uwe mpya, hata kama wa zamani unawachekea. Kisha pitisheni tena moshi mpaka mhakikishe hauvuji. Mama yenu msimwache peke yake, na akitaka kucheka... mwacheni acheke, na yeyote yule.

Mashine ya watu bado iko kwetu, nimeiona dirishani. Irudishe, binti yangu. Mwambie aje abebe jeneza langu, akae mbele, wanapoona watu. Najua watamsifu kwa anavyobeba.

Mungu awape mikono isiyotetemeka... na midomo ya kusema, huu ni mkono wangu. Nimewapa radhi zangu zote, wewe na mdogo wako, msigombane.

Na Taratibu akiuliza... nilisema nini juu yake... mwambieni, walau hili... hili moja... nimemtangulia.