Lempi Kangas, Aliyewavusha Kuku Wake Kwenye Baridi

Kuku wa marehemu Lempi Kangas hawakufa kwa sababu ya mlango ulioachwa wazi. Hilo litangulie, kwa kuwa kwa miaka miwili limesemwa vingine kanisani na kwenye meza za kahawa. Januari ya mwaka 2023, marehemu akiwa hospitalini, mwanawe Arvid aliziba matundu ya hewa ya banda, na kuku tisa wakafa. Kisha akawaambia watu kwamba dada yake, Elvi, ndiye aliyesahau kufunga mlango siku ya baridi kali. Elvi hakusahau. Sasa yafuate maisha ya mama yao, ambayo yalikuwa mema kuliko mwanzo huu.

Lempi Maria Lahti alizaliwa tarehe 11 Februari 1938 huko Toivola, Michigan, Marekani, kijiji cha wahamiaji wa Kifini, akiwa mtoto wa tatu wa Eino na Hilja Lahti. Alizaliwa katika sauna, chumba cha mvuke, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine palipokuwa na joto na maji safi kwa pamoja. Mama yake alipenda kusema kwamba theluji ilikuwa imefika dirishani, na mkunga aliingia akiwa na ndevu za barafu kama mwanamume.

Alisoma Toivola hadi darasa la nane. Alianza shule akijua Kifini tu, na siku ya kwanza, mwalimu alipomuuliza jina, alijibu kwa kuhesabu hadi kumi, kwani hicho ndicho Kiingereza alichokuwa amefundishwa na kaka zake. Alimaliza mwaka 1952. Alitaka kuendelea, lakini nyumbani kulikuwa na ng'ombe na viazi, na yeye ndiye aliyekuwa na mikono iliyobaki.

Alifanya kazi jikoni katika shule hiyohiyo kwa miaka mingi, na watu wazima waliosimama leo kaburini wanaujua uji wake wa shayiri. Uliobaki sufuriani aliubeba nyumbani kwenye ndoo, akauchanganya na maziwa mgando, akawapelekea kuku ukiwa bado unatoa mvuke. Kuku ndio waliokuwa kazi yake ya kweli. Majira ya baridi ya huku hayana huruma na kiumbe mwenye miguu mitupu, lakini Lempi hakuwahi kuwasha taa ya joto bandani. Alisema kuku ana koti lake, shida yake ni unyevu. Kwa hiyo alitandika nyasi kavu hadi magotini, akatengeneza kichanja cha ubao mpana ili kuku wakilala wafunike vidole vyao kwa manyoya, na chini ya paa, juu ya vichwa vyao, aliacha matundu ya hewa yakae wazi hata dhoruba ikivuma. Asubuhi na mchana alibeba maji ya uvuguvugu. Jioni, kabla hawajapanda kulala, aliwarushia mahindi ya kuparaza ili matumbo yao yawe na kazi ya kuwapasha moto. Siku za baridi kali alimshika kuku mmoja mmoja, akampaka mafuta ya mgando kwenye upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, usiunguzwe na baridi, huku akimsemesha Kifini. Majivu ya sauna aliwamwagia kwenye boksi waogee, wadudu watoke.

Elvi alijifunza hayo yote kwa kumfuata nyuma, akikanyaga mlemle mama yake alimokanyaga kwenye theluji.

Jumamosi moja mchungaji alialikwa kwenye sauna, kama ilivyokuwa kawaida. Alivua nguo katika chumba cha nje, akaingia kwenye mvuke, na alipotoka alimkuta kuku mwekundu amelala juu ya suruali yake. Kuku huyo alikuwa amepigwa na baridi mchana ule, naye Lempi alimweka pale apate joto.

"Mama Kangas," mchungaji aliita kutoka nyuma ya mlango, "kuna mtu amekalia suruali yangu."

"Mwache, Mchungaji. Amefika kabla yako."

"Nami nivae nini?"

"Kuna koti la marehemu mume wangu msumarini. Na usimwamshe, ndiyo kwanza amepata usingizi."

Mchungaji alikunywa kahawa amevaa koti na soksi. Asubuhi kuku alitaga yai, na likapelekwa kwake likiwa limefungwa kwenye leso.

Lempi aliolewa na Waino Kangas tarehe 17 Juni 1961. Waino alikuwa mchimbaji wa shaba, kisha mkata miti, mtu wa maneno machache, ambaye zawadi yake ya harusi kwa mkewe ilikuwa lile banda. Walijaliwa watoto wawili, Arvid mwaka 1962 na Elvi mwaka 1970. Waino aliangukiwa na mti mwaka 1985. Arvid ndiye aliyesoma wasifu wa baba yake, maana katika familia hii kazi hiyo ni ya mtoto wa kwanza, na sauti yake haikutikisika. Elvi aliacha shule mwaka huohuo ili abaki na mama yake. Arvid alihamia Marquette, akawa fundi wa kujenga sauna, na hakuna fundi anayemshinda. Magogo yake huyapanga akaziba kila ufa kwa kuvumwani laini ya msituni, ule ukoga mzito wa kijani unaoota juu ya mawe na miti, hadi mvuke ukose pa kutokea. Mama yake alijivunia jambo hilo kwa kila aliyemsikiliza, na kwa wengine pia.

Ugonjwa wake ulianza tarehe 21 Januari 2023, alipoteleza kwenye barafu akiwa na ndoo ya maji mkononi, akavunjika nyonga. Arvid alikuja usiku uleule katikati ya dhoruba, na hilo lazima lisemwe pia. "Nenda ukakae na Mama, Elvi," alisema. "Kuku niachie mimi."

Baridi iliongezeka. Arvid aliwaonea huruma kuku wa mama yake, akafanya lile analolijua. Aliyaziba matundu yote kwa kuvumwani, nyufa pia, kisha akaingiza ndoo za mawe ya moto kutoka sauna. Banda likawa sauna kweli. Pumzi za kuku na unyevu wa kinyesi vikakosa njia, kuta zikatiririka maji, manyoya yakalowa. Mawe yalipopoa, maji yaliganda, na kuku wakaganda nayo. Walipona watatu, panga zao zimekuwa nyeusi.

Arvid aliondoa kuvumwani kabla majirani hawajaja. Alipoulizwa, alisema Elvi aliondoka na mlango haukufungwa. Elvi alisema yake, lakini nani angeamini kwamba fundi ndiye aliyekosea? Kabla ya hapo, watu waliokimbilia kusini miezi ya baridi walimwachia Elvi kuku wao, na alipita nyumba hadi nyumba na ndoo zake, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake. Baada ya hapo hakuna aliyemwachia hata jogoo. Kwenye kahawa ya kanisa mtu alimwambia, "Elvi, ukitoka kumbuka mlango," na meza nzima ikacheka. Arvid alikuwa mezani. Alikoroga kahawa yake.

Lempi alirudi nyumbani mwezi Aprili, akitembelea fremu ya chuma. Kabla hajavua koti alitaka kupelekwa bandani. Alinusa, akapitisha kiganja ukutani, kisha akaingiza kidole kwenye tundu lililo nyuma ya kiota. Kidole kilitoka na kuvumwani.

"Huu ni mkono wa Arvid," alisema.

"Basi mwambie, Mama. Waambie watu."

"Alidhani anawafunika blanketi, mwanangu. Hilo sina kinyongo nalo."

"Na mlango je?"

Lempi alimchukua kuku mmoja, akamtia ndani ya koti. "Mlango atausema mwenyewe. Ana mdomo. Mimi nikimsemea, atabaki nao moyoni."

Alisubiri. Kila Arvid alipopiga simu, alimuuliza habari za kuku wa Januari ile, kisha akashikilia simu ampe nafasi. Arvid alisema waliobaki hawajambo tu, Mama. Moyo wa Lempi ulidhoofika majira ya kupukutika majani ya mwaka jana. Siku za mwisho Elvi alimletea kuku kitandani, mmoja kila siku kwa zamu, na yeye akawapaka mafuta kwa vidole visivyokunjika tena. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, alfajiri. Neno lake la mwisho kwa binti yake lilikuwa kuuliza kama kuku wameshapata maji.

Kwa kuwa ardhi iliganda, alisubiri hadi leo, Jumamosi tarehe 10 Mei, udongo ulipokubali koleo. Lempi alikuwa hodari wa kusubiri.

Ameacha mwanawe Arvid na mkewe Carol, binti yake Elvi, wajukuu wawili, na kuku watatu wenye panga nyeusi, ambao wamevuka majira mengine mawili ya baridi na bado wanataga. Baada ya hapa, wote wanakaribishwa kwenye kahawa na nisu, mkate wake wa iliki, uliookwa kwa mayai yao.

Lala vyema, Mama, pakavu na penye hewa, na amani iwe juu yako.

Wasifu huu ameuandika Elvi. Aliyeusoma hapa kaburini ni Arvid, kama alivyosoma wa baba yake. Lakini kusoma maneno ya mwingine si kusema. Mama yake alimdai neno moja kwa miaka miwili na ameondoka bila kulipata, na sasa anayemdai ni Elvi. Karatasi ikishakunjwa, watu wangoje kidogo kabla ya kwenda kwenye kahawa. Arvid ana neno la kusema kuhusu mlango.