Tangazo Lililopinda Kona

Kwenye basi, mbele yangu, msichana alikuwa akimwonyesha mama mmoja picha aliyopiga ya tangazo la sabuni lililopauka ukutani.

"Ukuta wangu huo," mama akasema. "Fundi anaupaka rangi leo, nipate mpangaji."

"Mama, usilifute hilo tangazo. Ni historia."

"Historia italipa kodi, mwanangu?" Sikuona kasoro katika hoja hiyo. Kisha mama akaitazama tena picha. "Mbona umepiga nusu? Marehemu mume wangu, aliyelichora, alianza na herufi kubwa mno, ukuta ukamwishia, akapinda kona akamalizia uani. Mtaa mzima ulimcheka."

"Basi niipige ya uani."

"Fundi ameshaanza mbele. Na huyo anapaka haraka."

Basi likasimama. Walishuka wakibishana, na aliyetangulia kukimbia alikuwa mama.