Kome Wenye Damu Mbili

Haya nilipewa na shangazi Ottie, aliyekuwa akiwachemshia kahawa wazee wa benchi la duka la mbegu, pale darajani kwenye mto Clinch. Hobart walimwita Askofu, maana hakuna jambo asilolifikisha kwenye gharika ya Nuhu. Delmer walimwita Posta. Miaka thelathini aligawa barua, na siri za watu alizijua kabla bahasha hazijachanwa. Wa tatu Vester, mtu wa maneno machache.

Asubuhi hiyo gumzo lilikuwa kome wa pale kwenye changarawe, wale waliobaki wachache hata serikali ikakataza kuwagusa. Josie, binti wa chuo, alikuwa amewapima, akakuta wana damu mbili: ya mto huu, na ya mto wa ng'ambo ya mlima. Akaona labda zamani mito hiyo ilikuwa mto mmoja, basi mchanganyiko ni wa Mungu mwenyewe. Ijumaa atawachukua akawazalishe, watoto wao wamwagwe mto mzima.

— Gharika, akasema Askofu. Maji yalipanda, kome wakapanda nayo.

Posta akakataa, akasema ni samaki aliyewavusha. Kome mama, akasema, huchezesha nyama yake kama kisamaki. Samaki mkubwa akija kuuma, anampulizia watoto kwenye mashavu awalee. Hilo kweli, kila mtu wa mtoni analijua.

— Sasa samaki naye kapandaje mlima?

— Kabebwa mdomoni na korongo. Haba na haba hujaza kibaba, Askofu.

Vester kahawa ilimpoa mkononi. Miaka ya nyuma lori la dawa ya sumu lilipinduka darajani, mto ukafa; ni yeye aliyevuka mlima akarudi na gunia lililoloa, limejaa kome, akalimwaga pale. Watu wamefungwa kwa kosa hilo. Lakini akinyamaza, kuanzia Ijumaa kome wa gunia lake watazalishwa mpaka wajae mto mzima.

— Ni mimi, akasema. Niliwaleta kwa gunia.

— Wewe? akacheka Askofu. Kuku wa mkeo tu walikushinda kuhamisha.

— Niliona wetu wamekwisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo ni ya mgeni mwenye zawadi, ndugu yangu, akasema Posta, lakini taratibu.

Josie alipofika, Vester akamweleza yote mwenyewe. Binti hakutaja askari. Akatoa daftari, akaifuta Ijumaa. Akasema damu ya hapa ingalimo, maana yake wenyeji hawakufa wote siku ile. Sasa itabidi watafutwe mmoja mmoja, kabla damu ya ugeni haijawameza wote. Kisha akauliza:

— Babu Vester, kabla hujamwaga gunia, uliingia ukapapasa kwa nyayo, kama mnavyotafuta kome siku zote? Walikuwa wamebaki wangapi?

Askofu akamtazama Posta. Posta akatazama mto. Siku ile Vester aliogopa ile dawa. Alimwaga akiwa ukingoni, na buti zake miguuni.

Shangazi Ottie akainamisha birika, likatoa machicha ya kahawa tu. Vester alikuwa ameinama, anafungua kamba za buti.

Haya wanangu, miguu ndani ya blanketi. Laleni.