Kilichokuwa Ndani ya Uji wa Doreen

Bwana asifiwe, wapendwa! Bwana asifiwe tena! Mimi ni Mama Doreen, nauza vitenge hapa Kariakoo. Kabla sijaanza, niseme kwamba Doreen mwenyewe ameniruhusu kulisimulia hili. Nilimwomba, akafikiri siku mbili, akakubali.

Ndugu zangu, nilikuwa mtu wa kushuku. Tukiwa tumepanga kule Mchafukoge, ghorofa ya tatu, mlango wetu ulitazamana na wa Bi Mwanahawa, mama mtu mzima kutoka Lindi, mpika vitumbua. Siku moja nilimkuta anafagia koridoni, na kwenye takataka zake zimo nywele za mwanangu. Moyo ukaniambia: huyu!

Haikupita muda Doreen akaanza kusikia sauti. Alikuwa na miaka kumi na saba, yuko kidato cha tatu. Alisema wanafunzi wenzake wanamsema kupitia ukutani. Akaacha kuoga, akaacha shule, akajikata mikono. Tukampeleka hospitali, akalazwa kwenye wodi ya vijana, akatoka na vidonge. Vikamfanya mzito, anasinzia mchana kutwa. Nikasema, hawa madaktari wanamjaribishia mwanangu dawa! Vidonge vyote nikavimwaga chooni. Hakuna aliyejua.

Halafu, na hili nalionea aibu hata leo, nikaenda kwa mganga. Mimi, mwimbaji wa kwaya! Akanipa unga wa mizizi, nikawa naukoroga kwenye uji wa Doreen bila kumwambia.

Doreen akaonja, akanitazama. "Mama, umeweka nini humu?"

"Sukari tu, mwanangu."

Tangu siku hiyo hakula tena mkononi mwangu. Akawa anavuka koridoni kula vitumbua vya Bi Mwanahawa. Kumbe ndiye! Nikamvamia yule mama mlangoni kwake, nikamwita mchawi mbele ya wapangaji wote, nikamwaga sahani yake chini.  Yeye aliinama tu, akaokota vitumbua.

Ndugu zangu, siku ya tatu yake, saa nane mchana, Doreen akajifungia bafuni na kisu cha jikoni. "Nikitoka mtanimaliza!" Nikagonga, nikalia, nikakemea kwa jina la Yesu. Hakufungua. Bi Mwanahawa, yule niliyemtukana, akatoka na simu yake. Alikuwa amenakili namba ya wodi kutoka kwenye kadi ya hospitali ya Doreen, alipokuwa akienda kula kwake. Akampata nesi, akaniwekea spika.

"Mama," nesi akasema, "vidonge anameza?"

Nikajifanya nagonga mlango tena.

"Kuna kitu kingine mnampa?"

Nikamtazama Bi Mwanahawa. Nikawaza, wamepanga, wananitega hawa! Uongo ulishafika mdomoni. Ndipo nikasikia mwanangu anahema nyuma ya ule mlango, kama mtu aliyekimbia sana, na Roho akanivunja. Nikapiga magoti pale sakafuni.

"Vidonge nilivimwaga," nikasema. "Na kwenye uji nilikuwa naweka dawa ya mganga."

Sauti ikatoka bafuni, ndogo. "Mama, sema tena."

Nikasema tena.

"Kwa hiyo kuhusu ule uji sikuwa nawaza vibaya."

"Hukuwa unawaza vibaya, mwanangu. Nilikudanganya."

Kisu kikapita chini ya mlango. Kisha komeo likafunguka.

Alilazwa wiki kadhaa. Dawa ikabadilishwa, akapewa isiyomsinzisha. Wakanifundisha kumweleza kila kitu waziwazi, na kutobishana naye kuhusu zile sauti. Bi Mwanahawa nilimwomba radhi. Akasema, "Nywele za mwanao nilizifagia kwa kuwa zilichafua koridoni, mwenzangu. Basi." Haleluya!

Doreen hajapona kabisa, sitawadanganya. Zipo siku sauti zinarudi. Lakini ananiambia! Amerudi shule, na dawa anameza mwenyewe.

Mimi nami naendelea kufunguliwa. Hata sasa nikiona watu wananong'ona kule nyuma, nadhani wananisema mimi. Namshukuru Mungu aliyenifungua mdomo siku ile, kwa kuwa alianza na mimi kabla ya kumgusa mwanangu.

Wewe uliyemficha mtoto chumbani, ukimwambia kila mtu kwamba mtoto ana malaria, mwombee, na umpeleke hospitali. Usimdanganye. Mimi nitakusindikiza. Kama huniamini, sikulaumu hata kidogo. Njoo hivyo hivyo, twende.